Umefunga kitabu, sasa uwashe filamu ipi? Riwaya nne kongwe za kisayansi na filamu zake

Swali hili hunijia kila Alhamisi. Jumamosi jioni ndiyo siku yetu ya filamu, na Alhamisi usiku, bando linapokuwa rahisi, lazima niwe nimeshaamua nipakue ipi. Shida ni kwamba riwaya kongwe za kisayansi hazina filamu moja. Zina mbili, wakati mwingine tatu, zilizopishana miaka thelathini au hamsini, na kila moja ina watu wanaoapa kwamba hiyo ndiyo yenyewe.

Tunakutana Majengo, hapa Moshi, sebuleni kwa dada mmoja fundi cherehani. Tukijaa tunafika kumi na watano: wanafunzi wawili wa kidato cha sita, dereva wa gari za Arusha, mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Babu, wauza mitumba wawili wa soko la Memorial, kijana wa kutoka Longido anayesoma chuo, na wengine wanaokuja na kupotea. Kwanza tunasoma. Kitabu kimoja hutuchukua mwezi, hata miwili, wenye Kiingereza kizuri wakiwasimulia wenzao sura kwa sura. Tukimaliza tunatundika shuka jeupe ukutani, tunaazima projekta, tunaunganisha sabufa. Ninayoyaandika hapa nimeyaona kwenye shuka hilo, na mengine nimeyasikia kwa waliokuwa wamekaa mbele yake.

Kuhusu kipimo, niseme mapema. Watu wengi wakilinganisha filamu na kitabu huhesabu vilivyokatwa: mhusika huyu hayupo, sura ile imerukwa, mji umebadilishwa. Nami nilihesabu hivyo zamani. Sasa nauliza jambo moja tu: mwandishi alikuwa na swali gani linalomnyima usingizi, na filamu imelibeba swali hilo au imeliacha njiani? Filamu inaweza kubadilisha nchi, karne na majina yote ikabaki na swali. Na inaweza kufuata kitabu neno kwa neno swali likawa limepotea.

Wavamizi kutoka Mirihi: 1953 au 2005?

The War of the Worlds ya H.G. Wells ilitoka kama kitabu mwaka 1898, baada ya kuchapwa kwa vipande jaridani mwaka 1897. Viumbe wa sayari ya Mirihi wanatua Surrey, karibu na London. Wanapanda mashine ndefu za miguu mitatu, wanachoma watu kwa mwali wa joto, wanamwaga moshi mweusi wa sumu, na dola iliyokuwa na nguvu kuliko zote duniani wakati ule inatawanyika kama siafu waliomwagiwa maji ya moto.

Lakini kabla hata chombo cha kwanza hakijatua, katika sura ya kwanza kabisa, Wells anamshika bega msomaji wake Mwingereza. Anamwambia asiwahukumu haraka hawa Wamirihi. Awakumbuke Watasmania, wenyeji wa kisiwa cha Tasmania huko Australia, binadamu kama yeye, waliofutwa na wahamiaji kutoka Ulaya katika muda wa miaka hamsini. Je, sisi ni mitume wa huruma kiasi cha kulalamika wao wakitupiga kwa moyo uleule? Hilo ndilo swali, na kitabu kizima kimejengwa juu yake.

Ukikisoma ukiwa Moshi, hapo hupiti haraka. Mwaka 1892 Mangi Meli, chifu wa Wachagga wa hapa, na watu wake waliwashinda Wajerumani. Mwaka uliofuata Wajerumani wakarudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda, na Machi 2, 1900 wakamnyonga Old Moshi pamoja na viongozi wenzake. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo umekitafuta miaka mingi. Kwa hiyo Wells alipokuwa anawaza kwao ingekuwaje watu wenye silaha zisizoeleweka wakikushukia nyumbani kwako, huku kwetu jambo hilo halikuwa la kuwaza. Tulipomaliza sura ile Babu alivua miwani, akasema, "Huyu alikuwa anawaandikia wao habari zetu." Hakuongeza neno, na kikao cha siku ile kikaishia hapo.

Filamu ya 1953 ilitayarishwa na George Pal na kuongozwa na Byron Haskin. Ni fupi, dakika 85, rangi zake zinawaka, na ilipata Oscar ya madoido maalumu. Uingereza imeachwa, sasa tuko California. Miguu mitatu nayo imeachwa: mashine zinaelea, bapa kama samaki taa, shingo imeinuka kama ya swila, jicho jekundu mbele. Watu watatu wanazisogelea na bendera nyeupe, na kufumba na kufumbua hawapo. Tukio hilo limetoka kitabuni na bado linatisha.

Tukio lililowagusa zaidi wenzetu lakini halimo kitabuni. Mchungaji, mjomba wa yule binti anayeigizwa na Ann Robinson, anatembea peke yake kuelekea mashine, Biblia mkononi, akisema maneno ya Zaburi ya 23, bonde la uvuli wa mauti. Wanamuua. Sebuleni mama mmoja alianza kuisema Zaburi pamoja naye, kwa Kiswahili, taratibu, akaimaliza hata mchungaji alipokwisha kuungua. Tukio zuri mno, siwezi kulikana. Ila fungua kitabu uone Wells alimfanya nini mtu wa dini: kasisi wake ni mtu aliyevunjika, anapiga kelele za hofu mafichoni mpaka msimulizi anampiga ili wasisikike. Filamu imegeuza jambo hili juu chini. Damu nayo imeondolewa. Kitabuni Wamirihi wanaishi kwa kujitia damu ya watu walio hai. Katika filamu hakuna. Na Watasmania hawatajwi. Badala ya swali la Wells tunapewa hofu ya miaka ya hamsini: bomu la atomiki linadondoshwa, halifui dafu, watu wanakimbilia kanisani, na adui anaanguka mlangoni mwa kanisa. Wanaosema mwisho ule ni wa kulazimisha dini wamkumbuke Wells mwenyewe, kwani ndiye aliyeandika kwamba Wamirihi waliuawa na viumbe wanyonge kuliko wote, vijidudu ambavyo Mungu kwa hekima yake ameviweka duniani.

Sasa ya 2005, ya Steven Spielberg. Mara ya kwanza sikuiona kwenye shuka letu. Niliiona kwenye kibanda umiza, imetafsiriwa, tumebanana kwenye mabenchi. Mtafsiri wa filamu ile hakuwa mtu wa kunyamaza; alimpa kila mhusika jina la mtaani, akasimulia hata pale ambapo hakuna anayezungumza. Kisha lami ikapasuka, mashine ikajiinua kutoka ardhini, ndefu kuliko nyumba, ikapiga ile honi yake nzito inayotetemesha kifua. Mtafsiri akanyamaza. Sijui kama alikusudia. Kibanda chote kilitulia, hata kijana wa karanga aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu chake. Nimeitazama mara nne baadaye, na kila honi ile inapopiga namkumbuka mtafsiri yule aliyekosa neno.

Tom Cruise ni Ray, mwendesha kreni bandarini anayeishi New Jersey, baba asiyejua kulea, ambaye siku hiyo ameachiwa watoto wake wawili. Hatuonyeshwi majenerali wala ramani za vita. Tunaona anayoyaona mtu anayekimbia tu. Anarudi nyumbani amejaa vumbi jeupe kichwani na usoni, anajitazama kwenye kioo, na inamwingia taratibu kwamba vumbi lile lilikuwa watu. Baadaye, msituni, nguo tupu zinashuka kutoka juu kama majani: mashati, makoti, suruali. Wauza mitumba wetu wawili, ambao kazi yao kila asubuhi ni kufungua belo na kukung'uta nguo za watu wasiowajua, waliangaliana. Mmoja akasema polepole, "Kila nguo ina mtu wake." Tangu siku hiyo siwezi kupita Memorial bila sauti yake kunirudia.

Filamu hii pia haiwataji Watasmania. Lakini ina chembe mbili ambazo nadhani ziliwekwa kwa makusudi. Mtoto wa kiume wa Ray ana insha ya shule ambayo hajaimaliza, kuhusu Ufaransa ilivyoikalia Algeria. Na yule mtu anayewaficha Ray na binti yake kwenye chumba cha chini, Ogilvy, anasema kwamba historia imefundisha mara elfu kuwa uvamizi wa kukalia nchi ya watu haudumu. Ni maneno machache na yanapita haraka, lakini swali la Wells lipo, limefichwa mfukoni mwa mtoto. Damu imerudi, magugu mekundu yamerudi, miguu mitatu imerudi. Na jambo la kasisi limerudi kwa sura nyingine: Ray anafunga mlango, binti yake amefungwa kitambaa machoni na anaimba, na nyuma ya mlango ule baba anamnyamazisha mtu kwa mikono yake. Hatuoni chochote. Huu ndio ugumu uleule wa Wells, kwamba hofu inamgeuza mtu mwema kuwa muuaji, na filamu ya 1953 haikuthubutu kuugusa.

Ina kasoro. Mashine eti zilizikwa ardhini tangu zamani, jambo ambalo halina sababu ya maana na linaharibu picha ya mgeni anayewasili. Na yule kijana anayepotea vitani anaibuka mwishoni Boston, mzima, bila maelezo. Hapo mlangoni, babu na bibi wanaosimama kuwapokea ni Gene Barry na Ann Robinson, wale wale nyota wa filamu ya 1953. Waelezee wenzako kabla, watafurahi.

Ushauri wangu: kama una watoto chini ya miaka kumi na mbili, au jioni yako ni fupi, chukua ya 1953. Kama mmesoma kitabu, chukua ya 2005 bila kusita, ila kabla ya kuiwasha mtu asome sura ya kwanza kwa sauti. Ukikosa hivyo mtaona mbio na moto tu.

Dune: 1984 au zile mbili mpya?

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu Dune ya Frank Herbert, iliyotoka 1965, ni kitabu ambacho mzungumzaji wa Kiswahili ana haki nacho zaidi ya anavyodhani. Sayari ya Arrakis ni jangwa tupu. Wenyeji wake, Fremen, wana msamiati ambao Herbert aliuchota sana kwenye Kiarabu, nasi Kiarabu kimetuachia maneno tele. Shujaa Paul anapopewa jina lake la siri, Usul, anaambiwa maana yake ni msingi wa nguzo. Sisi tuna usuli. Wanamngoja Lisan al-Gaib, mwokozi wao aliyetabiriwa. Sisi tuna ghaibu. Kitabu chao cha dini na cha kuishi jangwani ni Kitab al-Ibar; sisi tuna kitabu, na tuna ibra. Hata wanapofunga sala kwa "bi-la kaifa", neno bila liko hapo limekutazama. Binti wa kidato cha sita alikuwa akiyapigia mstari kwa penseli, akafikisha ishirini na kitu akaacha kuhesabu. Msomaji wa Ohio anayaona haya kama maneno ya kigeni ya kuremba hadithi. Wewe unayasikia kama maneno ya shangazi.

Halafu maji. Herbert alikitabaruku kitabu kwa wanaikolojia wa nchi kavu, na ndani yake maji ndiyo sarafu, ndiyo sheria, ndiyo sala. Maji ya mwili wa marehemu ni mali ya jamii. Nilikulia Uru, mlimani, na bibi alikuwa akiniamsha kabla ya alfajiri zamu yetu ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, ilipofika. Tulikwenda na jembe na kandili, tunaondoa kizibo cha matope na magome ya migomba, tunasikia maji yakigeuka kuingia kihambani kwetu. Bibi alisimama palepale mpaka saa yetu ikaisha, kisha anaziba mwenyewe, kwa sababu mwenye zamu inayofuata naye amesimama pale anangoja, na hakuna aliyehitaji kusemeshwa. Mtu aliyelelewa na mfongo haelezwi kwa nini Fremen wanahesabu maji kwa pete za chuma.

Swali la Herbert lakini halikuwa maji peke yake. Alikuwa anauliza: watu walioonewa wakimpata kiongozi wanayemwamini kama mwokozi, nini kitawazuia wasiangamie naye? Alikwenda hadi kuandika kitabu cha pili mwaka 1969 kuonyesha matokeo yake.

David Lynch, mwaka 1984, alijaribu kukibana kitabu chote cha kwanza kwenye dakika 137. Si kosa la kipaji. Lynch hakuwa na kauli ya mwisho juu ya uhariri, na toleo refu la televisheni lililofuata alikataa jina lake lisiwekwe. Unachokiona ni filamu yenye vipande vya ajabu, kama yule kiumbe mwongoza meli anayeelea ndani ya tangi lake lenye ukungu, vilivyounganishwa kwa maelezo mengi mno. Binti mfalme anatuelezea mwanzoni. Wahusika wananong'ona mawazo yao, kila mmoja, muda wote. Marekani baadhi ya kumbi ziliwagawia watazamaji karatasi ya maana za maneno. Sisi hatukuwa na karatasi. Tulisimamisha filamu mara kumi na moja ili kutafsiri, na dereva wetu akalala.

Kinachonizuia kuipendekeza lakini ni mwisho. Paul anashinda, na mvua inanyesha Arrakis. Hapo hapo, angani bila dalili, kwa sababu yeye ndiye. Sebuleni watu wawili walipiga makofi, nami nilielewa kwa nini, maana nani hapendi mvua? Lakini mvua ile inakiua kitabu mara mbili. Kwanza, inathibitisha kwamba Paul ni mwokozi kweli, wakati Herbert anakuonya umwogope. Pili, kwa kitabu chenyewe, maji ni sumu kwa wale minyoo wakubwa wa mchangani, na bila minyoo hakuna viungo, ile "spice" ya jangwani inayoendesha dola nzima. Mpango wa kuistawisha sayari, kitabuni, ni wa vizazi na vizazi, mche kwa mche. Mkulima yeyote wa Kibosho angekwambia mvua haiji kwa sababu mtu ameshinda ugomvi.

Denis Villeneuve alifanya jambo ambalo Lynch hakuruhusiwa kulifanya: alikigawa kitabu. Sehemu ya kwanza ilitoka 2021, dakika 155. Ya pili 2024, dakika 166. Ukijumlisha ni zaidi ya saa tano, na ndiyo maana jangwa lake, lililopigwa picha Wadi Rum nchini Jordan na kwenye mchanga wa Abu Dhabi, lina muda wa kukukausha koo. Minong'ono ya mawazo imeondolewa. Watu wanatazamana, wanaonyeshana ishara za mikono, wananyamaza. Kwa kundi ambalo nusu yake haifuati Kiingereza cha haraka, huo ni msaada mkubwa. Tulisimamisha mara tatu tu.

Na mara moja ya hizo tatu haikuwa kwa ajili ya tafsiri. Stilgar, kiongozi wa Fremen, anaingia mbele ya Mtawala Leto, baba yake Paul, anainama, anatema mate mezani. Sebuleni wengi waliguna, mmoja akasema "dharau gani hii." Walinzi wa Leto nao wanashika silaha. Yule kijana wa Longido akaomba tusimamishe. Akasema, "Babu yangu akitaka kunibariki ananitemea mate. Kwenye mkono, au kifuani. Hilo si tusi, anatoa kilicho ndani yake." Tulipowasha tena, Duncan, mpiganaji wa Leto, anamshukuru Stilgar kwa kutoa unyevu wa mwili wake, na Leto naye anatema. Kijana hakusema tena kitu, lakini alisogeza kiti chake mbele.

Kuhusu swali, Villeneuve amelibeba, na amelibeba kwa kubadilisha kitabu. Kitabuni Chani, binti wa Fremen, anampenda Paul na anakaa naye, na maneno ya mwisho kabisa yanamfariji kwamba historia itamwita mke. Katika filamu ya 2024 Chani, anayeigizwa na Zendaya, haamini unabii. Watu wake wote wanapiga magoti na yeye amesimama, kisha anaondoka peke yake jangwani. Onyo ambalo Herbert alilitawanya kitabu kizima limewekwa kwenye uso wa mtu mmoja. Hiki ndicho ninachokiita kubeba swali.

Nina lalamiko nalo, na ni zito. Filamu imechukua jangwa, vilemba, sala na maneno, kisha ikalikwepa neno jihad ambalo Herbert alilitumia waziwazi, na waigizaji wakuu wa upande wa Fremen karibu wote si watu wa huko yalikotoka hayo. Mwenzetu mmoja Mwislamu alilisema hili kwa uchungu, nami sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli.

Hata hivyo chagua hizi mbili, kwa Jumamosi mbili mfululizo, sehemu ya pili isikae wiki tatu. Ya Lynch iache mpaka baadaye, kwa anayetaka kujifunza jinsi filamu inavyoponyoka mikononi mwa mwongozaji.

Mashine ya wakati: hapa hakuna ubishi mrefu

The Time Machine, Wells tena, 1895. Kuna ya 1960 ya George Pal na ya 2002 iliyoongozwa na Simon Wells, kitukuu wa mwandishi. Ungetarajia kitukuu ndiye angejua siri ya nyumbani. Lakini ya 2002 imeingiza mchumba aliyekufa na mwezi uliopasuka, na kitabu kimezama chini ya hivyo viwili.

Ya 1960 ina jambo moja ambalo peke yake linatosha. Msafiri amekaa kwenye mashine yake, na ng'ambo ya barabara kuna dirisha la duka lenye sanamu ya kuvalisha nguo. Miaka inapokimbia sanamu haisogei, ila gauni linabadilika: refu, fupi, la kubana, la kumwaga, kofia zinakuja na kuondoka. Mwenye nyumba wetu, fundi cherehani, alinirudishia nyuma mara mbili. Alizitaja zile shingo na mikono kwa majina ya mishono, akasema huyo aliyetengeneza hapo alijua kazi.

Swali la kitabu lakini, kwamba matajiri na wafanyakazi wakitenganishwa muda mrefu watakuja kuwa viumbe wawili tofauti, mmoja anayemla mwenzake katika mwaka 802,701, filamu zote mbili zimeliangusha. Tazama ya 1960 kwa macho, swali kalitafute kitabuni.

Solaris, kwa anayeweza kungoja

Hii nimeiweka mwisho kwa sababu si ya kila kundi. Stanisław Lem aliiandika 1961. Mwanasaikolojia Kelvin anafika kwenye kituo kinachoelea juu ya sayari iliyofunikwa na bahari, na bahari ile inafikiri. Asubuhi anaamka na mke wake, aliyejiua miaka mingi iliyopita, amekaa pembeni yake. Ya Andrei Tarkovsky, 1972, inakaribia saa mbili na dakika hamsini. Ya Steven Soderbergh, 2002, yenye George Clooney, ni kama saa moja na dakika arobaini.

Lem hakuridhika na yoyote. Tarkovsky alimwona ametengeneza Crime and Punishment, riwaya ya Mrusi Dostoyevsky, badala ya Solaris, na kuhusu ya pili alikumbusha kwamba hakuandika kitabu cha mapenzi angani. Swali lake lilikuwa bahari: je, binadamu anaweza kukielewa kitu ambacho si binadamu hata kidogo? Kitabu kinaisha Kelvin akiwa ufukweni, ananyoosha mkono, wimbi linakuja linauzunguka mkono bila kuugusa, limeacha tabaka jembamba la hewa katikati. Filamu hazina wimbi hilo. Nilizitazama zote mbili nikilingoja.

Lakini nitasema kinyume na Lem: ukiwa umefiwa, tazama ya Tarkovsky. Inaanzia duniani, kwenye majani yanayoyumba majini na mvua inayoingia uani, na inakuacha hapo muda mrefu mpaka ukifika angani unaikumbuka mvua ile kama unavyomkumbuka mtu. Sisi umeme ulikatika katikati ya ile safari ndefu ya gari kwenye barabara za juu, zilizopigwa picha Tokyo, na Jumamosi iliyofuata walirudi watu sita tu kati ya kumi na watatu. Mmoja wa hao sita alikuwa amemzika mkewe mwaka uliotangulia. Alikaa mpaka mwisho, akaniomba nimwekee kwenye flashi. Ya Soderbergh ni nzuri, safi, na inafaa kwa jioni moja ya kazi. Siku mbili baadaye nilikuwa nimeshasahau nusu yake.

Jumamosi hii tuna wageni wanne, kwa hiyo tunarudia ya 2005, mashine za miguu mitatu. Babu ameshaitafsiri sura ya kwanza ya Wells kwenye daftari la kurasa themanini, kwa peni ya bluu, na pale penye Tasmania ameacha mistari miwili mitupu pembezoni, akaandika "Old Moshi, 1900". Ataisoma mwenyewe kabla hatujawasha projekta. Tunaanza saa kumi na mbili na nusu.